Nenda Kijiji cha Makumbusho na watu, usiende peke yako

Dar nzima inaijua Makumbusho kwa sababu ya stendi. Makonda wanaita kutwa, Makumbusho Makumbusho twende, watu wanashuka, wanabadilisha gari, wanaondoka, na wengi wao naamini hawajawahi kuingia kwenye lile geti la jirani ambalo ndilo limeipa stendi jina. Mle ndani kuna miti na kivuli, na kuna nyumba za makabila yetu zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unainama unaingia, unakaa chini, unatoka. Kijiji kilifunguliwa 1967, kiko Kijitonyama kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo, na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, ile ile ambayo jengo lake la mjini lilianza 1940 likiwa na jina la mfalme George V wa Uingereza.

Mi nilishawahi kupita mle peke yangu, nikazunguka, nikasoma vibao, nikatoka, na ilikuwa vizuri tu. Ila safari hii tulienda kundi, washkaji tuliosoma pamoja chuo, kila mtu na kwao, na nimetoka na kitu tofauti kabisa. Nyumba za pale zinahitaji watu wa kuzisemea. Ukienda na Mgogo, Mhaya, Mchaga, Mnyakyusa, Mhehe na Mngoni, karibu kila mlango unapata mwenyeji wake, na kuna mahali hata muongozaji wetu aliacha kuongea akawa anasikiliza na yeye. Majina yao siweki hapa, nitawaita kwa kwao tu.

Tulianza na tembe la Wagogo kwa sababu jamaa yetu wa Bahi, Dodoma, aligoma kuanzia kwingine. Kama hujawahi kuliona, ni nyumba ya chini chini, kuta za nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa lake ni bapa, wamelaza magogo na fito halafu juu wameshindilia udongo. Hakuna nyasi, hakuna makuti. Vyumba vinauzunguka ua na ule ua ndio zizi la ng'ombe usiku. Muongozaji akatuuliza nani anajua kwa nini paa ni la udongo, sisi tukajibu majibu ya darasani, sijui joto, sijui baridi, jamaa akasema hapana, anzeni na miti kwanza. Kwetu mti mrefu ulionyooka unaupata wapi? Mbuyu haujengei nyumba. Unapata miti mifupi mifupi ya miiba, kwahiyo na nyumba inakuwa fupi, na ule upepo wa kiangazi ukija na vumbi lake unapita juu kwa juu, haupati pa kushika. Halafu mvua. Dodoma inapata kama milimita 570 kwa mwaka na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, paa la udongo linazimudu hizo, likivuja unapanda unashindilia udongo mwingine unashuka. Miezi yote iliyobaki ni kukavu, unaanika mtama wako juu ya paa.

Hapo ndipo mimi nilianza kuziona zile nyumba kwa jicho lingine. Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kwahiyo tembe lililosimama Kijitonyama linanyeshewa karibu mara mbili ya lilivyozoea kwao, masika na vuli, bado unyevu wa bahari, bado mchwa. Kulitunza pale ni kazi ngumu kuliko kulitunza Bahi, na kila anayefanya kazi hiyo namheshimu sana, kwa sababu nyumba ya udongo haihifadhiwi kama chungu ndani ya kabati la kioo. Inahitaji mtu anayejua kukandika, mtu anayejua fito zipi zinafaa, na mtu huyo lazima awepo tena baada ya masika nyingine na nyingine. Ukiona nyumba ya asili imesimama ujue kuna mkono umepita juzi juzi.

Jamaa akatuonyesha na habari ya mlango. Ng'ombe wako katikati, watu wamewazunguka pande zote, mwizi au simba akitaka ng'ombe apite kwanza kwa watu. Akasema pia Ugogo ndiko misafara ya karne ya 19 ilikopita ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na nchi ile kavu maji ni ya wenyewe, kwahiyo wakubwa wa misafara walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi ndio wanywe wapite. Alisimulia hayo kasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, na mimi nikafikiria ile misafara imetoka pwani kwetu na mizigo yake, wako na kiu, wanaliona tembe kwa mbali limelala chini na ng'ombe wanaingia jioni. Nimesoma historia ya misafara shuleni miaka mingi na sikuwahi kuielewa kwa upande wa mwenye kisima.

Tukaenda kwa Wahaya. Ukitoka kwenye tembe ukaingia kwenye msonge wa Kihaya ni kama umehamia nchi nyingine kabisa, kwa sababu msonge umeinuka juu na nyasi zake zinashuka kutoka kileleni mpaka zinakaribia kugusa ardhi, kama kapu kubwa lililofunikwa. Ukuta na paa ni kitu kimoja. Sasa ukiwa na ile hesabu ya mvua kichwani unaelewa mwenyewe kabla hujaambiwa, Bukoba inapata kama milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ya ziwani, unataka kila tone liteleze liende zake haraka. Paa bapa la udongo kule lisingemaliza msimu.

Dada yetu wa Muleba aliingia, akasimama kidogo, akasema huku ndani pananuka tofauti, hakuna moshi. Akatueleza kwamba kwenye msonge moto ulikuwa unawaka ndani na moshi haukuwa na bomba la kutokea, unapanda unapenya kwenye nyasi taratibu, na ule moshi ndio ulikuwa unazikausha nyasi na kufukuza wadudu, kwahiyo nyumba isiyowashwa moto inaoza upesi. Nyasi pia zilitandikwa chini, safi, na mgeni akija zinatandikwa mpya. Alisema hivyo halafu akakaa chini pale pale na gauni lake, na wengine tukakaa, na kwa muda pale ndani tulikuwa tunaongea kwa sauti ya ndani ya nyumba ya mtu. Hili ndilo jambo ambalo kibao hakiwezi kukupa. Kibao kitakwambia nyasi, miti, kamba za migomba, lakini namna watu walivyokaa mle, nani upande gani, sauti ya kiasi gani, hiyo anayo mtu ambaye bibi yake alizaliwa mle.

Kwa Wachaga kukatokea ubishi mkubwa na mzuri. Nyumba ya zamani ya Kichaga ni msonge pia, na ng'ombe wanalala humo humo ndani na watu. Mgogo akashangaa, yaani unalala na ng'ombe? Mchaga wetu wa Kibosho hakukasirika, akamuuliza wewe ng'ombe wako wanakula wapi, akasema porini, akamwambia basi, sisi pori hatuna. Mlimani kila familia ina kihamba chake, migomba, kahawa ilikuja baadaye, ardhi ni kipande kidogo kinagawanywa kwa watoto kila kizazi, hakuna pa kuchungia. Ng'ombe wanafungwa ndani, majani wanaletewa, na akina mama ndio walikuwa wanashuka tambarare kukata majani wanapanda nayo kichwani, safari ya kutwa. Halafu mbolea inatoka ndani inaenda kwenye migomba, migomba inarudi ndani kama chakula cha watu na majani yake chakula cha ng'ombe. Ukimtoa ng'ombe nje ya nyumba ile umeharibu mpango mzima wa kihamba. Mgogo akakubali lakini akasema harufu je, na Mchaga akamwambia joto je, wewe umewahi kulala Kibosho mwezi wa saba? Ubishi ukaishia hapo.

Akaongeza kwamba wazee wao walichimba na mahandaki chini ya ardhi ya kuficha watu na mifugo wakati wa vita, na mengine bado yapo Marangu na Kilema, watu wanatembezwa. Hapo muongozaji akadakia kwamba Wairaqw wa Mbulu waliwahi kujenga nyumba iliyozama ndani ya kilima, paa liko usawa wa ardhi, adui wa mbali asiione. Nikawa najumlisha mwenyewe: mvua, miti, ng'ombe, ardhi, adui. Karibu kila nyumba tuliyopita ilikuwa inajibu hayo matano, kila kabila na majibu yake kulingana na lilipokaa. Na hii nchi ina makabila zaidi ya 120. Hebu fikiria ni akili kiasi gani hiyo ya watu ambao shuleni tulifundishwa kuwaita wa zama za ujima kisha tukafunga daftari.

Sasa Wanyakyusa. Hapa nitakaa kidogo.

Nyumba yao ni ya mianzi, mianzi imesimamishwa karibu karibu, na udongo unawekwa kwa ustadi, na wageni wa kwanza waliofika Rungwe karne ya 19 waliandika sana kuhusu usafi na uzuri wa nyumba zile. Tulikuwa tunaisifia mianzi, tunapiga picha, kaka yetu wa Tukuyu akasema jamani nyumba sio stori, stori ni nani alikuwa jirani yako. Akatuambia kwamba zamani kwao mtoto wa kiume akifika miaka kumi, kumi na moja, anatoka kwa wazazi, anaenda na wavulana wa rika lake pembeni ya kijiji cha baba zao, wanajenga vibanda vyao. Kula bado wanakula kwa mama zao, ila wanaenda kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakikua wanaoa, wanaleta wake zao pale pale, na kile kibanda cha watoto kinakuwa kijiji kamili cha watu wazima. Halafu ikifika wakati kuna sherehe kubwa ya kizazi cha baba kukabidhi nchi kwa kizazi cha watoto, na vijiji vya vijana vinatambuliwa rasmi.

Kwahiyo kijiji hakikuwa cha ukoo. Kilikuwa cha marafiki. Ndugu yako wa damu anaweza kuwa kijiji kingine kabisa na jirani yako wa ukutani ni yule mliyechunga naye ng'ombe mkiwa na miaka tisa. Watafiti waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930 waliyaandika haya kwa kirefu, na kaka yetu alikuwa hajayasoma popote, kayapata kwa babu yake aliyekuwa anasema urafiki mwema ni wa watu wa rika moja wanaokula pamoja.

Nilinyamaza pale. Kwa sababu tulikuwa pale, watu wa rika moja, tumechanga nauli na viingilio, tumetoka kila mtu mtaa wake, Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto, mmoja kahamia Kibaha, na kuonana kwetu ni mpaka mtu aandike kwenye grupu la WhatsApp halafu grupu likae kimya siku mbili. Kuna watu waliishi maisha yao yote ukuta kwa ukuta na marafiki zao, na wakaifanya hiyo ndiyo serikali. Sisemi turudi huko. Na wanawake wa Kinyakyusa walihamia kwenye kijiji cha rika la mume, hakuna aliyewauliza, dada wa Muleba alilisema hilo pale pale na yuko sahihi. Lakini ningependa kila mtoto wa shule anayeletwa pale kwenye basi aambiwe habari ya vijiji vya rika kabla ya kuambiwa habari ya mianzi.

Tembe la Wahehe linafanana na la Wagogo kwa mbali, hata muongozaji anakiri wengi huchanganya. Huku ndiko Mngoni wetu alikoanza utani wake, Wahehe na Wangoni ni watani tangu walipopigana kwenye miaka ya 1878 mpaka 1882 hakuna aliyemmaliza mwenzake, na dada Mhehe alikuwa amejiandaa, akamfukuza mlangoni, eti hana ruhusa ya kuingia bila kuacha silaha. Tulicheka. Halafu utani ukaisha dada akaanza kuongea taratibu kuhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na huyu dada kwao ni jirani na Kalenga, palipokuwa na ngome yake.

Kuna kitu nilikuwa nimekisoma nikamwambia. Hili wazo la makumbusho ya wazi, kukusanya nyumba nzima nzima kutoka vijijini na kuzipanga uwanjani watu watembee ndani yake, lilipata umaarufu kwa Skansen ya Stockholm, Sweden. Bwana mmoja anaitwa Artur Hazelius aliifungua Oktoba 1891, aliona viwanda na miji vinaimaliza Sweden ya vijijini, akaanza kuhamisha nyumba za wakulima kipande kwa kipande. Sasa Agosti ya mwaka huo huo, tarehe 17, Mkwawa na jeshi lake walikivunja kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, Iringa, na kamanda wao Emil von Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, akafia pale. Miezi miwili tu imepita kati ya hayo mawili. Ulaya moja ilikuwa inaanza kuzitunza nyumba za wakulima wake kwa machozi, na Ulaya hiyo hiyo ilikuwa inakuja kuvunja za wengine. Ngome ya Kalenga waliipiga mizinga Oktoba 1894 wakaichukua.

Dada akasema na makumbusho yenyewe yana historia yake, tusisahau. Mkwawa alijiua Julai 1898 asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa, na suala la fuvu lake liliandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, Ujerumani irudishe. Halikurudi mpaka 1954, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alipolichagua kati ya mafuvu yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen na kulileta Kalenga, liko pale hadi leo. Yaani kwa watu wa Iringa neno makumbusho kwanza lilikuwa mahali ambapo mzee wao amewekwa kwenye rafu na namba.

Ndipo Mngoni akauliza swali ambalo naliheshimu, akauliza hivi hapa sisi tunafanya nini tofauti? Si ndio kuwaweka watu kwenye maonyesho? Na hakuuliza hewani. Mwaka 1896 Wajerumani walifanya maonyesho ya makoloni Berlin, bustani ya Treptow, wakajenga vijiji vya mfano na kuleta watu zaidi ya mia kutoka makoloni yao, Afrika Mashariki ikiwemo, wakae mle Wajerumani wawatazame. Hata Skansen Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Sweden, waliishi kwenye kambi yao mbele ya wageni. Kijiji cha mfano chenye watu wa kutazamwa ni kitu kilichotuumiza.

Tulibishana muda mrefu tumekaa nje ya tembe. Mchaga alisema tofauti ni mwenye geti. Mhaya akasema hapana, tofauti ni lugha, pale Treptow mtazamwaji hakuelewana na mtazamaji, hapa muongozaji anakueleza kwa Kiswahili na wewe unamsahihisha. Mimi nilisema na bado nasema tofauti ni nani anaingia nyumbani kwa nani. Tulipoingia kwenye msonge, Mhaya ndiye aliyetukaribisha. Kama siku nzima ungepita unatazama tu watu wa mbali na wewe hakuna nyumba inayokuhusu, basi swali la Mngoni lina haki ya kukusumbua, na ndiyo maana nasisitiza kwenda na watu mchanganyiko, mtu awe mwenyeji hapa na mgeni pale. Hiyo ndiyo siku nzuri ya makumbusho.

Na mimi zamu yangu ilifika. Upande wa baba ni Mzaramo wa Kisarawe, kwahiyo kwenye nyumba ya Wazaramo nilitakiwa niongee. Nyumba ya pembe nne, miti na udongo, paa la kuinama, makuti. Nilitazama nikasema jamani hii mbona mnaijua nyote. Nyumba za Magomeni, Ilala, Kariakoo ya zamani, zile za korido katikati vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma kuna jiko na choo, zimezaliwa na nyumba ya pwani ya namna hii. Wawili kati yetu walianza maisha ya Dar kwa kupanga chumba kwenye nyumba kama hiyo, foleni ya choo asubuhi, kanga zimeanikwa uani, mama mwenye nyumba barazani anajua nani karudi saa ngapi. Tembe na msonge karibu vimeondoka, ya pwani ikavaa saruji na bati ikaendelea kupokea watu wa makabila yote. Na sasa zinavunjwa kwa kasi zinapandishwa ghorofa. Mimi ningeomba nyumba moja ya Magomeni ya korido, na vitasa vyake na mita yake ya umeme, ihifadhiwe mahali kabla hatujazimaliza, kwa sababu Dar ilikulia mle.

Hapo tukaingia kwenye jambo la nani alituondoa kwenye nyumba zile. Wengi wanasema maendeleo, basi. Ila kuna vitu vina tarehe. Wajerumani walileta kodi ya nyumba 1898, rupia tatu kwa kila nyumba ya kijijini, na ukitoza nyumba watu wanajibana wengi kwenye chache, ile desturi ya kila mke na nyumba yake ikawa ghali ghafla. Halafu kwetu wenyewe. Kijiji cha Makumbusho kimefunguliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, Wagogo wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, na Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia kwenye vijiji rasmi. Mamilioni wakahama, nyumba zikapangwa mistari kando ya barabara. Tembe la mzunguko na ng'ombe katikati halikai kwenye mstari. Kwahiyo makumbusho yalitangulia kwa miaka minne tu, na mtu aliyezijenga zile nyumba mwanzoni alikuwa anajenga kitu ambacho kwao bado watu wanalala.

Mimi naupenda ujamaa kwa mengi, shule, visima, zahanati, bibi yangu alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini naona tungeweza kuwasogeza watu karibu na shule bila kuwaambia kwamba nyumba zao ni aibu. Kampeni za nyumba bora zilimaanisha bati na matofali, na bati la Bahi mchana wa Oktoba ni tanuru. Wasanifu majengo wetu vijana, mkienda pale, pimeni unene wa zile kuta.

Ngoma za mchana sitazieleza sana. Mngoni alicheza mpaka akatoa shati, tuliokuwa tumechoka tukaacha kuchoka. Njooni na maji, njooni na viatu vya kutembelea, msije saa tatu mkitaka kuondoka saa nne.

Tulirudi na maswali ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyajibu, nani alipanda juu ya tembe kushindilia udongo, mke au mume? Fuko la mbegu lilining'inizwa wapi kwenye msonge? Tukakubaliana kila mtu ampigie mzee wake. Wa kwanza kujibu ni bibi wa Bahi, alituma sauti ndefu mjukuu wake akatutafsiria kipande kwa kipande. Paa walipanda wote. Alipoulizwa kama angependa kurudi kwenye tembe alikataa kabisa, akasema tembe lilikuwa na papasi, wale kupe wa nyumbani, wanajificha kwenye udongo wa sakafu na nyufa, wanakuuma usiku, unapata homa inakuja inaondoka inakuja tena. Nilipotafuta nikakuta ndivyo ilivyo, homa ya papasi inajulikana sana kwenye nyumba za udongo za huku, hata Robert Koch, yule daktari mtafiti wa Kijerumani, alikuja kuichunguza 1905. Hilo la papasi muongozaji hakulisema na sisi hatukujua kuliuliza. Bibi akaendelea, nyumba ya sasa ana raha nayo, anaoga anafunga mlango, ila ua anautaka. Zamani akipika anawaona wote, watoto, ng'ombe, mgonjwa amelala chumba gani, sasa kila mtu yuko kwenye nyumba yake kwenye mstari na akitaka kujua mtu kaamkaje mpaka avae viatu atoke.

Mjukuu wake sasa anajenga Dodoma, msingi bado, na amebadilisha ramani, vyumba vinauzunguka ua. Fundi analalamika bati litapoteza vipande. Na sisi Agosti tunaenda Kalenga na Lugalo, dada Mhehe ndiye mwenyeji, Mngoni amejiandikisha wa kwanza na silaha anasema ataziacha mlangoni.